Yule Bibi Walimzika Wapi?

Tarehe nne Februari, mwaka 1977, tulimpoteza baba. Aliuza ndizi sokoni Kariakoo. Alishuka kutoka Kilimanjaro kabla sijazaliwa, akapanga chumba kimoja, na alipokufa alituachia nyumba ya udongo na bati aliyoijenga mwenyewe, yenye ua na mpapai.

Kesho yake kaka yake mkubwa alifika kwa basi. Sisi Wachaga, mtu wetu akifia mbali hurudishwa akazikwe nyumbani, migombani. Baba mkubwa alikaa sebuleni na koti lake zito la mlimani, jasho likimtiririka. Mama alimwomba alivue, apumzike. Alikataa, akasema hakuja kukaa.

"Shemeji, nimekuja kumchukua mtu wetu."

Mama alimjibu kuwa mumewe angependa kulala hapahapa. Baba mkubwa akauliza aliyasema hayo lini, na mbele ya nani. Mama hakuweza kudanganya. Baba hakuwahi kusema hivyo waziwazi. Ila mwaka uliotangulia alitupeleka mjini kuona sinema. Ilikuwa ya kigeni na lugha yake hatukuijua, lakini habari yenyewe tuliielewa: familia inahama kwa meli, inafungua duka dogo ugenini, watoto wanakua, bibi yao anafariki. Ukumbi mzima ulilia. Baba hakulia. Njia nzima ya kurudi aliuliza jambo moja tu: yule bibi walimzika wapi? Sinema haikuonyesha. Tukamcheka. Akasema, "Kama walimzika palepale, basi wameshafika."

Mama alimsimulia shemeji yake hayo yote bila kuongeza neno. Waombolezaji wakainamisha vichwa. Baba mkubwa akacheka kidogo, kicheko cha uchungu.

"Kwa hiyo, shemeji, ndugu yangu tumzike kwa amri ya sinema?"

Jirani mmoja alishindwa kujizuia, naye akacheka. Niliona aibu, nikajua tumeshindwa. Mama hakupandisha sauti.

"Vitovu vya wanangu wanne viko chini ya mpapai ule. Alivizika mwenyewe, kwa mkono wake. Migombani kwenu hakupeleka hata kimoja. Sasa, shemeji, unataka watoto hawa waende wapi kumwona baba yao?"

Baba mkubwa aliinuka, akaenda uani, akasimama mbele ya mpapai. Nilimwona kupitia dirisha. Alisimama mpaka chai aliyoandaliwa ikapoa. Mama alibaki amekaa, mgongo umenyooka, khanga kichwani, hamtazami mtu. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama saa ile.

Aliporudi ndani, baba mkubwa aliuliza makaburi yako upande gani. Akaambiwa Kinondoni. Akavua koti, akampa mama, akawaambia vijana watafute majembe.