Maua Meupe ya Mama

Walisema mtoto wa muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, hawezi kupata diploma ya kilimo. Nimerudi nayo Kisangani, iko ukutani. Ili kunde za mama zizae zaidi, maua yake yote meupe niliyapaka chavua ya kunde za zambarau za jirani yetu, Tonton Saidi.

"Yatabaki meupe, mama," nilimwahidi.

Tulipopanda mbegu zilizotokana na maua hayo, zikachanua zambarau tupu. Mama alilia, maana alirithi kunde hizo kwa marehemu mama yake. Nikamshutumu Tonton hadharani kwamba alibadilisha mbegu.

Msimu uliofuata tukapanda mbegu za zambarau hizo, na maua meupe yakatokea katikati! Weupe ulijificha kizazi kimoja tu, somo nililolifaulu darasani.

Tonton alimchumia mama ua moja, akanigeukia.

"Bon, profesa, sasa utanisalimia?"