Unga wa Njano Chini ya Msumeno

Rangi ndiyo iliyonitia shaka kwanza. Ule msumeno wa mkanda ulikuwa umetoka kwenye kiwanda kilichofungwa, mashine kuukuu ya kukatia chuma, lakini ulikuwa umepakwa kijani kibichi mpaka kwenye bawaba ya mkono wake. Nikamwomba mzee aliyekuwa akiuuza auwashe.

"Umeme umekatika," akasema.

Nyumba ya jirani redio ilikuwa ikiimba.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyenipeleka pale Ihumwa, karibu na reli. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa vipande vipande, na mjini Dodoma kila aliyejenga alitaka geti na grili. Sisi wawili tulikuwa na karakana ndogo, tunakata paipu kwa msumeno wa mkono mpaka mabega yanakufa ganzi.

"Shemeji, tuichukue," alininong'oneza. "Ukisubiri utakuta wenzako wameshapakia."

Tukaichukua. Tuliifunga juu ya zege, tukaisawazisha kwa pima maji. Tulipoiwasha mkanda ukazunguka kinyume, ikabidi fundi umeme abadilishane nyaya mbili za mota. Tukavalisha mkanda mpya na kuukaza. Paipu ya kwanza ikakatika mshazari. Tukarekebisha rola zinazoelekeza mkanda, tukakata nyingine. Mshazari vilevile. Nikaukamata mkono wa mashine na kuutikisa. Ukacheza kama jino bovu.

"Itakaa sawa tu," shemeji akasema bila kuniangalia.

Kwa nini haniangalii? Tangu hapo nikaanza kumchunguza. Nilijiuliza kama yeye na yule mzee walikuwa wamekubaliana jambo nyuma yangu.

Baadaye nilisafiri kupeleka geti Kibakwe. Niliporudi, nilifungua sinia ya chini ya msumeno kusafisha unga wa chuma, nikakuta unga wa njano. Shaba. Sisi hatukuwahi kukata shaba hata siku moja. Wakati huo koki za mabomba na vipuri vya reli vilikuwa vinaibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na askari walikuwa wanapita kwenye karakana wakiuliza maswali.

"Kuna mtu alitumia mashine nilipokuwa sipo?" nikamuuliza.

"Hapana. Nani atumie?"

Alinidanganya kwa macho makavu. Nyumbani nikamwambia mke wangu. Aliendelea kuchambua mchele, akasema, "Muulize vizuri. Ni ndugu yako." Hakushangaa. Hilo nalo likaniuma.

Ijumaa shemeji aliaga mapema kwenda msikitini. Alibeba mfuko mzito, na njia aliyoishika haikuwa ya msikitini. Nikapanda baiskeli, nikamfuata kwa mbali mpaka Ihumwa. Akaingia uani kwa yule mzee. Nikasubiri kidogo, kisha nikaingia bila hodi.

Mzee alikuwa ameinama kwenye mashine ya kerezo, ile ya kuchongea vyuma vya mviringo. Shemeji alikuwa ameshika vipande viwili vya shaba.

"Shikamoo mzee," nikasema, kwa sababu salamu haikwepeki. Kisha nikamgeukia shemeji. "Hiyo shaba umeitoa wapi?"

"Ni mchi wa mama," akasema. "Wa kutwangia viungo. Kinu chake kilipasuka zamani. Niliukata kwa msumeno wetu ulipokuwa Kibakwe."

"Unataka niamini hivyo?"

"Muulize dada, mkeo. Yeye ndiye aliyeufuata kwa mama Kondoa."

Mzee akazima mashine yake. "Bushi, zile pete za shaba za kwenye bawaba ya msumeno, zilikuwa zimelika," akasema polepole. "Nilijua nilipoipaka rangi. Kijana huyu alikuja hapa akanikalia kooni, akasema nisipozitengeneza upya atakaa mlangoni kwangu mpaka nizitengeneze."

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza shemeji.

"Ningekwambia nini? Mimi ndiye niliyekuleta hapa. Ungesema mimi na mzee tumekula pamoja." Akaniangalia moja kwa moja. "Na ulisema hivyo, ila moyoni."

Kuhusu mashine shaka yangu ilikuwa ya haki. Kuhusu yeye, haikuwa.

Karakanani bushi mpya ziliingia kwa kugongwa taratibu kwa kipande cha mbao. Paipu ikakatika, tukaipima kwa kipimapembe, hatukuona mwanga kati yake na chuma. Nilitaka kushangilia. Shemeji akafuta mikono, akaenda kula peke yake.

Aliendelea kula peke yake kwa muda mrefu. Kazi tulifanya vizuri, mageti yetu yakafika hadi Chemba, na bawaba ile tuliipaka grisi kila wiki kwa zamu. Mwisho ni mama mkwe aliyekuja kututembelea, akawakuta watoto wake, shemeji na mke wangu, wamekaa upande mmoja wa karakana na mimi upande wa pili. Akaomba aoneshwe mchi wake ulikoenda. Nikamwonesha bawaba. Akaiinamia, akaitazama.

"Basi njooni mle wote," akasema, akafungua kikapu cha chakula.

Shemeji akasogea. Nikasogea na mimi.