Vidole Chini ya Shuka

Mjini Garissa, nyuma ya soko la mifugo, kuna chumba ambacho watu hukipita haraka wakitazama upande mwingine. Humo ndani hamna sindano wala dawa ya kumeza. Kuna viti vitatu, meza, birika la chai, na Hawo Wako, mshauri nasaha, mama mwenye kicheko kikubwa na subira ndogo kwa wajinga. Mtaani wanamwita daktari wa wazimu, naye huitika. "Ndiye mimi," huwajibu, "na ukizidi kupiga kelele dirishani kwangu, zamu inayofuata ni yako." Basi hutoka mbio, na baadaye wale wale waliomcheka hurudi kimyakimya kuuliza kama ana nafasi.

Hawo ni mtu wa Griftu, binti wa mfugaji, na lugha ya kwao ni Kiborana. Kisomali chake kinatosha kununua sukari na kuulizia hali ya watoto, basi. Kwa hiyo kazi yake huifanya kwa Kiswahili, lugha isiyo ya mama yake wala ya mgonjwa wake, na yeye husema hiyo ndiyo nafuu yenyewe. Jambo ambalo kwa lugha ya nyumbani lingemkaba mtu koo, kwa Kiswahili hupita. Anaipenda kazi hii na anajua kwamba anaiweza. Hajifanyi mnyenyekevu kwa hilo, na mimi sioni kwa nini ajifanye.

Lakini Kerrow nusura amshinde.

Kerrow alikuwa dalali wa ng'ombe na ngamia, dalali hasa, wa kuaminiwa na muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Mwaka jana lori alilopanda na mdogo wake Abdiwali kutoka Wajir lilimiminiwa risasi njiani. Kerrow alitoka mzima. Abdiwali hakutoka. Tangu hapo, tairi likipasuka barabarani, Kerrow huwa chini ya meza kabla wengine hawajageuza shingo, na sokoni hakanyagi. Mkewe Fosia ndiye anayelisha nyumba kwa kuuza maziwa ya ngamia. Jina la Abdiwali halikutajwa tena kwao. Sasa Kerrow alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa, baada ya swala, atapanda lori la kwenda Kotile akakae na ngamia wa ami yake. Alipoulizwa atarudi lini, alisema Mungu ndiye ajuaye. Fosia aliyaelewa maneno hayo kwa njia moja tu: anaachwa, ila mume ameona haya kutamka talaka.

Fosia alimwomba jambo moja kabla ya safari, waende kwa Hawo. Mara mbili walizokwenda hazikuzaa kitu. Hii ya Alhamisi ilikuwa ya mwisho kabla ya lori.

Walikaa kama walivyokaa siku zote. Mlango wazi, maana mwanamke hafungiwi chumbani na mwanamume asiye wake, na Fosia kizingitini, amewapa mgongo, ili macho ya wapita njia yaridhike. Hawo ndiye aliyeupanga mpango huo, na kimoyomoyo alikuwa akijipongeza.

"Adeer Kerrow," alisema, akimpa heshima ya baba mdogo kama Wasomali wafanyavyo, "leo uzito ni ngapi? Sufuri ni hakuna kitu. Kumi ni huwezi kubeba."

"Alhamdulillahi."

"Na usingizi?"

"Alhamdulillahi. Mimi iko sawa, abaayo. Shida habana." Abaayo ni dada, na habana ni hapana ya ulimi wa Kisomali usio na p.

Utabishana vipi na mtu anayemshukuru Mungu? Hawo alilijua neno hilo tangu utotoni. Baba yake alilisema ukame ulipommalizia ng'ombe wake wote, akalisema midomo ikimtetemeka. Ni neno la imani, na mtu akitaka hujifungia ndani yake pia. Waliomfundisha kazi Nairobi walimpa swali la sufuri hadi kumi, lakini hawakumwambia atafanya nini na mwanaume ambaye kutaja maumivu yake kwa sauti, mbele ya mwanamke, ni sawa na kuvua nguo.

Hapo macho yake yakatua begani pa Kerrow. Mtu huyu hakuwa amekanyaga sokoni karibu mwaka mzima, lakini shuka lake la udalali lilikuwa pale pale, limekunjwa vizuri, na mkono wake haukuacha kulipapasa. Kila mtu wa huku anajua kazi ya shuka hilo. Bei ya ngamia haitangazwi. Dalali na mnunuzi hupeana mikono chini ya kitambaa, mmoja akabana vidole vya mwenzake. Kidole kimoja kina hesabu yake na kiganja kizima kina yake, na watu waliowazunguka huona nyuso mbili tu zisizosema kitu. Kwa mdomo hudanganyana sana sokoni. Chini ya shuka hawadanganyani.

Hawo akakumbuka utoto wake. Kule Griftu baba yake alikuwa akicheza naye mchezo huo, kiganja chake kidogo ndani ya kile kikubwa. Akasahau yuko wapi, akasahau ni nani aliye mbele yake, akanyoosha mkono mezani.

"Tandika shuka! Usiseme kitu. Nipe kwa vidole."

"Astaghfirullah!" Kerrow aliruka na kiti chake mpaka ukutani.

Hawo aliutazama mkono wake unavyoning'inia hewani, na uso ukamwaka moto. Mlango ameuacha wazi kwa ajili ya heshima, halafu anamwomba mume wa mtu washikane mikono chini ya nguo, mkewe yuko pale! Miaka yote hiyo ya kazi! Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kizingitini Fosia alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtetemeka. Hawo alidhani analia. Kumbe anacheka, anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Wallahi, daktari, wewe nataka nunua bwana yangu? Bei gani?"

Hata Kerrow midomo ilimcheza. Na Hawo, ambaye aibu haikai kwake muda mrefu, aliushusha mkono.

"Mwenye mali ni wewe, dada," akasema. "Basi njoo uketi hapa, umpe mkono."

Kicheko kikakatika. Fosia aliinuka polepole, akaja kuketi kando ya mumewe. Alikuwa binti wa muuza mbuzi, vidole alivijua. Kerrow aliutazama mlango, akamtazama mkewe. Kisha Kerrow akalivuta shuka begani, akalitandaza juu ya mikono yao wawili.

"Leo uzito ni ngapi?" Hawo akauliza.

Nyuso hazikusema kitu. Shuka lilisogea, likatulia, likasogea tena.

"Yote," Fosia alisema. "Ameshika mkono mzima, daktari. Halafu ameshika mzima tena: kumi. Hataki achia." Akamgeukia mumewe, akasema kwa Kisomali, pole pole kiasi kwamba hata Hawo alielewa: "Na mzigo huu ndio ulitaka kwenda nao Kotile peke yako?"

"Ngamia hawaulizi kitu," Kerrow alijibu. "Nikilia kule, wewe na watoto hamtaniona."

Kumbe hakuwa anamwacha. Alikuwa anakwenda kujificha. Na sokoni bei ikitajwa, mwenzako naye hujibu, na shuka likasogea kwa upande wa Fosia: kiganja kizima, mara mbili. Hapo ndipo uso wa Kerrow ulipobadilika.

"Hata wewe?"

"Abdiwali nilimlea mimi," Fosia alisema. "Alikuja nyumbani kwangu sijazaa hata mmoja. Hakuna aliyeniuliza."

Jina lilikuwa limetamkwa. Kerrow aliinamisha kichwa akalia waziwazi, maana shuka la kujifunikia uso lilikuwa na kazi nyingine. Na Hawo, ambaye hakuyaelewa yote waliyosemezana, aliielewa ile sentensi ya mwisho ya Fosia, ikamchoma. Mara tatu alimkalisha mwanamke huyu kizingitini awe mlinzi wa heshima ya wengine, amegeuzia chumba mgongo, na hakuwahi kumuuliza hata kama analala.

Ijumaa, baada ya swala, lori la Kotile lilipiga honi. Hawo alilisikia kutoka kitini kwake na hakujua nani amepanda.

Alhamisi iliyofuata walikuja wote wawili. Fosia alifika kizingitini akaanza kukusanya buibui lake ili aketi pale pale pa zamani. Kerrow akavuta kiti, akakiweka ndani, karibu na chake. Fosia akaingia. Kwa mara ya kwanza Hawo aliufunga mlango.

Kerrow alilitandaza shuka bila kuambiwa.

"Adeer Kerrow," Hawo alianza, "leo uzito..."

"Habana, abaayo," akasema Kerrow. "Leo anza na yeye."