Kabuti la Baba Kabatini

Wapiganaji wa zamani, wale waliokwenda Burma, walikuwa na chumba chao mjini Sumbawanga. Upande mmoja rafu ya vitabu vya vita, upande wa pili kabati la vioo lenye kofia na medali, kila kitu na karatasi yenye jina la mwenyewe. Jina la baba wa rafiki yangu lilikuwemo mara tatu, kwenye medali tatu. La baba yangu halikuwemo, ingawa walipanda meli moja. Kila Jumamosi mimi na rafiki yangu tulikwenda kuazima vitabu, naye akajitazama kwenye kioo kile akijishika nywele. Nilimwonea wivu.

Baba alirudi vitani na kabuti tu. Mchana mama alilitumia kufunikia kimea, ulezi uliolowekwa uchipue kwa ajili ya pombe, jioni baba alilivaa, maana baridi ya Ufipa haina mzaha.

“Baba, lipeleke na lako kabatini,” nilimwambia.

“Halafu nivae nini, kitabu?”

Alipokwenda msibani Mwazye aliliacha, kimea kilikuwa bado hakijachipua. Mama akiwa shambani, nikafunika kimea kwa gunia, nikalibeba kabuti hadi kwa sajini mstaafu aliyetunza chumba.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Baba kakutuma?”

“Kanituma.”

Akaliandika daftarini, akalitundika. Jumamosi nikamvuta rafiki yangu mpaka kwenye kioo. Alisoma jina la baba, akashusha mkono kutoka kwenye nywele. Nilifurahi kupita kiasi, sitaki kudanganya.

Baba aliporudi aliliulizia kabuti, nikamwambia liliko, nikamfuata mjini, roho mkononi. Sajini alimwambia, “Mwanao kaleta kabuti kama ulivyomwagiza.”

Kulikuwa na sheria pale: kilichoandikwa daftarini hakitoki. Wazee walikuwa wakichukua medali zao za kuvaa harusini, zisirudi tena. Aliyeipigania sheria hiyo kikaoni ni baba mwenyewe, nami sikuwa na habari. Alisoma jina lake taratibu, akanitazama.

“Ndiyo,” akasema. “Nilimtuma.”

Mwezi wa sita ukaingia na upepo wake, na duka la ushirika halikuwa na hata kipande cha kitambaa. Baba akawa anatoka alfajiri na gunia mabegani, lile lile la kimea. Siku moja alikutana njiani, mbele ya nyumba yetu, na baba wa rafiki yangu, amevaa sweta zito la sufu. Walisalimiana, wakacheka mambo yao. Mimi nilisimama mlangoni nikilionea sweta lile wivu ambao medali zote tatu hazikuwahi kunipa.