Dawa ya Nzi Juu ya Tende

Ramadhani iliyopita nilikwenda sokoni Darajani kununua tende za kufuturia. Nzi walikuwa wamezifunika. Muuzaji, mtu mzima na kofia yake safi ya viua, akatoa kopo la dawa ya wadudu, akazipulizia tende pale pale mbele yangu, kama anayewarashia wageni marashi harusini.

Koo likawaka kabla sijafahamu anachofanya. Puani na kooni mna ncha za mishipa ya fahamu zinazolinda njia ya pumzi. Zikiguswa na sumu hupiga kelele, na kelele zenyewe ndizo kikohozi. Nikakohoa mpaka machozi na makamasi yakachanganyika.

Yeye, aliyevuta hewa ile ile, hata hakupiga chafya.

“Miye nshazoea,” akasema.

Kuzoea! Yaani walinzi wa koo lake wameshachoka kupiga kelele, na sumu inajipitia itakavyo. Nikazidi kukohoa.

Akanionea huruma. Akachagua tende mbili nono, zinang'aa kwa dawa, akanifungia kwenye karatasi.

“Chukua, mwanangu. Magharibi ikiadhiniwa, zitakulainisha koo.”