Mwenye Kasida Kaja Kibandani

Wiki iliyopita nilikuwa Mapinga, kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu, mtoto mgongoni, namsubiri muuzaji aniwekee kasida moja ambayo mwanangu asipoisikia hapati usingizi. Kasida ikawa inapigwa kwenye spika, mara akaingia mama mmoja wa makamo, akanyoosha kidole kwenye spika, akasema, "Hiyo sauti ni yangu."

Simu iliyochomekwa pale ni yangu, nikawaza polisi, nikawaza nani atamnyonyesha huyu mtoto.

"Shikamoo mama," muuzaji akasema, macho chini.

"Marahaba. Nani kakupa?"

"Nimeikuta mtandaoni, mama. Nimetafuta pa kuinunua, hakuna."

Mama akafungua pochi, nikajua sasa anapiga simu kituoni. Akatoa memori kadi.

"Ile yangu ya kwanza unayo? Studio ilifungwa, wakaondoka na kila kitu. Mimi mwenyewe sina."

Muuzaji akaitafuta, akaipata, akamwekea, akakataa hela. Mama akaziacha mezani hivyo hivyo. "Chukua. Na wewe ukifunga, sauti yangu nitaisikia wapi?"

Nimesoma hadi kidato cha nne, najua kunakili bila ruhusa ni wizi, wala sibishi. Ila siku ile mwenye mali alipoitafuta mali yake, aliikuta kwetu sisi wezi, na tulikuwa tumeitunza vizuri tu.