Fundi wa Kamera Anayefuta Kioo

Fundi wa kamera za ulinzi ana mdomo mkali kuliko bisibisi yake. Akishafunga kamera na kuiunganisha na intaneti, huifuta kioo kwa pindo la shati, kisha huitabasamia kama bwana harusi. Neno la siri habadilishi. Nyumba zote huziachia lile lile la kiwandani, maana wateja wakisahau jipya humsumbua kwa simu. “Nani ahangaike kukuchungulia wewe, dada? Kwani una nini cha ajabu?” husema, na watu hucheka.

Juzi mama mmoja alimwita: kamera ya chumba cha mwanawe inaongea. “Kamera haina ulimi, dada yangu,” alisema, akipanda ngazi kwa kicheko. Mtoto alikuwa amejibanza nje ya mlango, hataki kuingia. Fundi akaishika kamera, akainua pindo la shati.

“Futa vizuri, fundi,” sauti ya mwanamume ikatoka ndani ya kamera, taratibu. “Hata ile ya chumbani kwa binti yako imeshika vumbi.”

Mkono ukabaki hewani na pindo lake. “Ni nani huyo?” mama akauliza. Fundi alikuwa anapapasa mfukoni akitafuta simu, ampigie mkewe amtoe binti yao chumbani.